Asubuhi nilikimbia kupunguza tumbo, Majengo yote ikakimbia nyuma yangu

Jumatatu moja ya mwaka jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilihamisha watu wa avenue nzima bila kumugusa mutu.

Sikuwa na bunduki. Sikuwa na barua ya chef, kiongozi wa mutaa. Nilikuwa na kaputula ya zamani na viatu vya plastiki.

Nilikuwa nakimbia tu. Juu ya tumbo.

Nilitoka kwangu hapa Majengo, mutaa wa Goma, nikapita mbele ya mulango wa jirani yangu Mama Bibiche. Alikuwa anasugua sufuria. Akainua macho, akaona muzee wa miaka hamsini na nane, mujane, anakimbia, macho nje, pumzi inalia kama pompi ya baiskeli.

Hakuuliza kitu. Akaacha sufuria, akabeba mutoto, akakimbia.

Jirani yake akamuona Bibiche. Naye akakimbia.

Mimi sijui. Niko mbele, nahesabu hatua. Nikasikia kishindo nyuma, nikageuka.

Mama yangu! Watu kama mia mbili. Magodoro kichwani, mabido ya maji mukononi, mbuzi moja inakokotwa, papa mumoja amekumbatia televizyo kama mutoto mugonjwa.

Sasa na mimi ni mutu wa Goma. Nimeona watu mia mbili wanakimbia. Unafikiri nilifanya nini?

Nikaongeza mbio!

Nikawaza moyoni: Kamate, kweli umechagua siku nzuri ya kuanza mazoezi.

Pumzi iliniisha tukiwa karibu na mutaa wa Mabanga. Nikaanguka juu ya jiwe. Wote wakasimama, wakanizunguka.

"Papa Charline, wamefika wapi?" Bibiche akauliza. Charline ni binti yangu.

"Wanani?"

"Wale ulikuwa unakimbia!"

"Mama, miye nakimbia tumbo."

"Tumbo ya nani?"

"Yangu."

Hata mbuzi iliniangalia vibaya.

Musiwacheke wale watu. Kwingine mutu akikimbia asubuhi, wanasema ni mwanamichezo. Kwetu mutu akikimbia, njo radio yenyewe. Nani alitufundisha vile? Si mwalimu, mimi shule niliachia la tatu. Ni wakubwa wetu. Wa juzi, wa jana, wa leo, wote nawapa pongezi. Walitufundisha mbio miaka thelathini bila kuchoka. Tumekosa medali tu.

Muchana ule ule, chef wetu wa avenue, Luc, akaniita.

"Muzee, ulikuwa na ruhusa?"

"Ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Kukimbia kunaomba ruhusa?"

"Kukimbia hapana. Kukimbia bila sababu, ndiyo."

"Sababu iko. Hii hapa." Nikamuonyesha tumbo.

Chef akaangalia yangu. Akaangalia na yake, ambayo ilikuwa imefika kwenye meza mbele yake mwenyewe. Akakohoa.

"Sawa. Lakini utakimbia na mupira. Mutu akiona mupira, atajua ni michezo. Hakuna mutu anakimbia vita na mupira."

Njo namna Majengo iliniona miezi tatu nakimbia na mupira kwapani, kama golikipa amefukuzwa na timu yake.

Ngoja niwaambie juu ya nini niliingia katika hii haya.

Muke wangu Kahindo, mutoto wa Butembo, alikufa mwaka mumoja mbele ya hapo. Daktari alisema presha. Mimi nasema ni wale wakubwa. Mutu anapika, anasikia mulio wa bunduki, anaingia chini ya kitanda, anatoka, anaendelea kupika. Miaka na miaka. Moyo si bati ya kupigwa na mawe kila siku isitoboke. Lakini kwenye karatasi waliandika presha. Jina ya mukubwa yeyote sikuiona pale.

Siku mbili mbele ya kuniacha, alinishika mukono.

"Charline akiolewa, utamuingiza kanisani na koti yetu ya ndoa. Usinunue ingine."

"Mama Charline, hii tumbo unaiona?"

Akacheka, kicheko ya mutu hana nguvu.

"Itakuingia. Mimi najua."

Hiyo koti nayo iko na historia. Ni ya kostime ya bluu, koti na suruali, tulioa nayo 1999, wakati nilikuwa nafanya biashara ya maharagwe na Rutshuru na nilikuwa mutu wa kujaa. Volkano ilipotoka 2002, lava ikakula nyumba yetu. Watu walikimbia na magodoro. Kahindo alikimbia na kostime. Nilimugombeza njia nzima.

Lakini mwaka ule wa taabu, kila Jumapili nilivaa koti ile, na ilinikaa sawasawa. Wenzangu wote nguo zilikuwa zinawapwaya. Mimi hapana. Nilijivuna, nikawaambia: "Njaa imewaweza ninyi. Mimi koti yangu iko pale pale."

Kwa hiyo Charline aliponiletea habari kwamba muchumba wake Constant anataka ndoa kisha miezi tatu, nilifungua sanduku, nikavaa koti.

Kifungo na tundu yake zikaangaliana toka mbali, kama watu wa pande mbili za ziwa. Katikati, kiganja nzima.

Nikasema: basi, Kahindo anataka nirudie kipimo changu. Alisema anajua. Nitapunguza, hata nife.

Mazoezi hayakukosa. Wakubwa walishanifungulia sale ya bure, nyumba ya michezo. Robinet haitoi maji, unashuka ziwani, unapanda na bido mbili. Barabara ni mawe ya volkano, kila hatua ni kuruka. Nani anasema hawatupendi? Wao wenyewe hawapati hiyo nafasi, maskini. Wanapita katika magari na vioo vimefungwa, wananenepa kwa uchungu.

Shida yangu haikuwa mazoezi. Shida yangu ilikuwa huruma.

Bibiche njo mukubwa wa shirika, ile jumuiya ya Wakatoliki wa mutaa wetu. Wiki ya tatu alikuja na sahani imefunikwa.

"Papa Charline, unakonda."

"Asante sana."

"Sikusifu! Nakulilia. Watu watasema tumeacha mujane afe na njaa tukiwa tunaangalia."

"Mama Bibiche, nakonda kwa kupenda."

"Hakuna mutu anakonda kwa kupenda hapa Goma. Kula."

Wakaniwekea zamu. Jumatatu fufu na sombe, majani ya muhogo. Jumatano makayabu, samaki ya chumvi. Ijumaa viazi na maharagwe, mafuta inaelea juu kama mutumbwi. Na ukirudisha sahani na chakula ndani, wanasema umekataa pole yao. Tena mama mwenye sahani anakaa pale, anaangalia kila tonge inaingia.

Nikaanza kukimbia mara mbili. Asubuhi kwa ajili ya Kahindo, jioni kwa ajili ya Bibiche.

Sitawadanganya, wiki ya tano nilianguka. Kulikuwa ubatizo pale jirani, mbuzi ya kuchoma. Nilisema nitaonja moja. Kisha nikajikuta nagombana na mutoto wa miaka sita juu ya mufupa.

Kesho yake nilikimbia nikilia.

Kila Jumamosi nilienda kupanda juu ya kilo, mizani ya magunia, kwenye depo nilikuwa nauzia zamani. Walinipima katikati ya gunia mbili za maharagwe. Mwisho wa mwezi wa pili wa mazoezi, nilikuwa nimepoteza kilo tisa. Wabeba mizigo walinipigia makofi.

Nikarudi mbio, nikavaa koti.

Vidole viwili. Bado vidole viwili.

Na hapo sasa maneno yakaanza. Mama Bulonza, mama ya Constant, watu wa upande wa Bukavu, watu wa heshima, akaja kuniona. Akakaa kwenye kiti, akaniangalia toka kichwa hadi miguu.

"Papa, tunaunganisha familia. Tuambie ukweli. Uko na nini?"

"Niko na koti, mama."

"Koti?"

"Koti ya ndoa. Haifungi."

Akamugeukia Charline polepole. "Kumbe na kichwa imeguswa."

Akaomba nipimwe mbele ya ndoa. Kama iko ugonjwa wa kuambukiza, ndoa ingoje. Nikaenda. Daktari alisema niko muzima kumushinda yeye. Nikamupelekea Mama Bulonza karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema "hum."

Hiyo siku Charline alilia.

"Papa, vaa koti ingine. Vaa shati. Vaa hata gunia!"

"Nilimuahidi mama yako."

"Mama hakukutuma ufe! Nilishazika mumoja, sitaki nizike wawili mbele ya kuolewa."

Nikabeba bido, nikashuka ziwani.

Zikabaki siku mbili. Vidole viwili viko pale pale. Nilikuwa nimekula majani kama sungura, na koti inanicheka. Basi nikaiweka katika mufuko, nikaificha kama kitu ya wizi, nikaenda Mabanga kwa fundi Ferdinand. Nilitaka aipasue mugongoni, aweke kitambaa ingine, watu wasione. Nimeshindwa. Nitamudanganya marehemu kwa mugongo.

Ferdinand akaipapasa koti ubavuni. Akasimama.

"Papa, hapa ndani kuko kitu."

"Kitu gani?"

Akakamata wembe, akafungua kitambaa ya ndani, akaleta kwenye mwanga.

"Nani alishona hii?"

"Fundi wa Rutshuru, 1999."

"Hapana. Hii ni kazi ya mukono. Na huu uzi si uzi wa fundi."

Nikasogea. Uzi mweupe, munene, wa nailoni. Niliujua mara moja. Ni ule uzi ulikuwa unafunga midomo ya mifuko ya unga ya musaada walitugawia kisha volkano.

Mistari tatu. Moja, pembeni ingine, pembeni ingine. Upande wa kuume na wa kushoto.

"Mutu alipunguza hii koti mara tatu," Ferdinand akasema. "Polepole. Mwenye kuvaa alikuwa anakonda, na yeye alikuwa anamufuata."

Nikaupapasa ule uzi.

Koti haikubaki pale pale. Mimi njo sikubaki. Kila mara nilipokwisha kidogo, Kahindo alipunguza kidogo, nikitoka kutafuta kazi, asiniambie. Ili Jumapili nisimame mbele ya wenzangu nikijivuna. Na nilijivuna! Nilimucheka kila mutu, na yeye alikuwa pembeni yangu, amenyamaza, vidole vimetobolewa na sindano.

"Angalia tena," Ferdinand akasema. "Hakukata kitambaa. Hata kidogo. Yote ameikunja ndani. Mutu anashona hivi akiwa na hakika mwenye koti atanenepa tena."

Nikakaa kwenye benchi yake.

"Vumbi," nikamuambia, nikipangusa macho.

"Ndiyo, papa. Vumbi," akasema.

Mvua ilikuwa inanyesha.

Akafungua mustari ya tatu, nikavaa. Kifungo ikaingia. Akafungua ya pili. Nikapumua mpaka chini ya tumbo, mara ya kwanza kisha miezi tatu. Ile tumbo yangu ya zamani, na kiganja yake nzima, ingeomba zote tatu, na zote tatu zilikuwako. Alinipimia hata ile. "Itakuingia. Mimi najua." Hakunituma kukimbia popote. Angeongeza neno moja tu, "peleka kwa fundi", lakini nadhani alitaka niione mwenyewe.

"Mustari ya kwanza nayo nifungue?" Ferdinand akauliza.

"Hiyo usiiguse."

Jumamosi nilimuingiza Charline kanisani. Koti imefungwa, vifungo vyote, na uzi wa mufuko wa unga umelala kwenye mbavu zangu. Bibiche alipiga vigelegele mpaka padri akangoja. Mama Bulonza aliniangalia toka kichwa hadi miguu, kama siku ile.

"Kumbe ulikuwa na koti kweli," akasema.

Sasa ninyi munasoma hii kwa telefone, mumelala, biskuti mukononi, na munataka funzo. Hili hapa.

Mbele ya kujitesa urudie kipimo chako cha zamani, uliza kwanza kile kipimo kilitoka wapi. Mimi nilikimbia miezi tatu kutafuta mwili wangu wa ujana, kumbe nilikuwa natafuta mwili wa njaa. Na njaa ile ilikuwa na wenyewe. Volkano ilichoma nyumba siku moja. Wakubwa waliacha tulale na njaa miaka. Hakuna mumoja wao alikuja kunipima. Alinipima mwanamuke mumoja, na sindano, na uzi wa kuokota.

Mazoezi sikuacha, hapana. Dawa ya presha ni mbio, daktari alisema, na mimi nataka nione wajukuu. Kila asubuhi napita, saa kumi na mbili na nusu, mupira kwapani. Siku hizi tuko watu kumi na mumoja, na chef Luc anakuja nyuma kabisa, anahema.

Lakini ninyi wa Majengo, musikilize vizuri. Siku mutaniona napita bila mupira, musiniulize nakimbia nini.

Kamateni godoro.