Imepanda

Simu ya kifo cha baba ilimkuta dada mkubwa kwenye dirisha la maabara, akisubiri majibu ya figo zake mwenyewe. Mpimaji wa maabara alimngoja dada amalize kulia. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, vidole vimekauka kwa kunawa, na kila aliyempa majibu alimwambia, "Haya, nirudishie nilichosema." Enzi za uhai wake, baba alipoambiwa dirishani hapo kuwa kreatinini yake imepanda, alishangilia: "Mungu mkubwa! Nimepanda darasa uzeeni!" Mpimaji akamkalisha. "Hapana, mzee wangu. Hiyo ni taka ya mwili, na figo ndiyo mfagiaji. Taka ikizidi kwenye damu, huenda mfagiaji amechoka." Hakumwachia mpaka mzee alipoyarudia maneno hayo mwenyewe, kwa shida.

Sasa dada alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Nisomee yangu. Siondoki hapa sijaelewa."

"Imepanda kidogo, dada," akasema, akamweleza maana yake na la kufanya. "Haya, nirudishie."

"Taka imeanza kuzidi. Kipimo kimoja hakitoshi. Nirudi nipimwe tena, kisha nimwone daktari."

"Lini?"

"Jumatatu."

Kesho yake walimzika baba. Mpimaji naye alifika, akatia konzi moja ya udongo, wakamwombea marehemu, wakamwacha kwa Mola wake.