Kichwa cha Gitaa na Mlango wa Kabati

Baba alipiga gitaa la besi katika kwaya ya parokia yetu huko Rugenge, mtaa wa Uvira, lakini mimi nilimsikia zaidi kupitia kabati kuliko kupitia spika. Umeme wa Uvira ulikuja ulipopenda. Wapiga besi wa mtaani kwetu walikuwa na njia yao: unaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, unakaza kidogo, unapiga, na mbao zinatoa sauti. Jioni nguo zetu zilitetemeka pamoja na nyimbo za misa. Mlango wa kabati uliingia kishimo mahali kichwa kilipokaa, na kichwa chenyewe kikalika pembe moja.

Gitaa lile lilinizidi umri. Lilikuwa kahawia pembeni na manjano katikati. Wekundu uliokuwa kati ya rangi hizo mbili ulikwisha kufifia, ukabaki tu chini ya bamba la plastiki lililofunika uso wake, mahali ambapo jua halikufika. Najua kwa sababu baba alipolifungua kulisafisha aliniita nione. Vanishi ya shingo ilikuwa nyembamba, na kidole gumba chake kilikuwa kimeila mpaka kwenye mti mtupu.

Vita vya kwanza vya Kongo vilipotufikia, majirani walizika sufuria na cherehani uani. Baba alikataa kuzika gitaa; alisema unyevu utapinda shingo. Alitutuma, mama na mimi, kwa jamaa zetu wa Kiringye, yeye akapanda njia ya Lemera, milimani, na gitaa mgongoni, kumchukua mama yake. Halafu angetufuata. Bibi alitufikia akiwa na majirani zake, akasema yeye hakumwona mwanawe.

Tuliporudi Uvira nyumba ilikuwa tupu. Lilibaki kabati tu, kwa kuwa fundi alikuwa amelitengenezea mle mle chumbani na halikuweza kupita mlangoni.

Vita vya pili vikaja, na ndugu za baba wakaanza kumwambia mama kwamba inatosha. Walitaka matanga. Mama hakubishana nao. Alisema tu kwamba hawezi kumlilia mtu bila kuona hata kitambaa chake. Wakakubaliana: kikipatikana kitu chake chochote, tutaketi matanga.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa akivuka mpaka kwenda Bujumbura kuuza mafuta ya mawese. Siku moja alirudi na gitaa la besi. Umbo lile lile, rangi ile ile, hata jina la kiwanda kichwani. Muuzaji alimwambia limetoka huku kwetu, milimani. Mjomba alililaza kitandani, taratibu, wala hakuliweka mezani.

"Yaya," alimwambia dada yake, "minye niliiona tu, nikajua ni ya shemeji."

Mama hakuligusa. "Shemeji yako hawezi kuiachilia akiwa mzima," alisema. Akanigeukia. "Weye unaijua. Angalia."

Niseme wazi: nilitaka liwe lake. Nilikuwa nimechoka kumwekea chakula mtu asiyekuja. Nilitaka tulie, tumalize. Kwa hiyo nilikagua polepole, nikilipatia gitaa kila nafasi. Shingo ilikuwa na vanishi nene, inang'aa kama kikombe cha plastiki. Vidole vya mtu fulani vilikuwa vimepita juu yake bila kuila. Nikafungua bamba kwa ncha ya kisu. Chini yake rangi ilikuwa sawa na juu, manjano yale yale, wala hakuna wekundu uliojificha. Manjano hayo hayakuletwa na jua, yalipakwa kiwandani. Watu wa kiwanda walikuwa wameamua kutengeneza upya gitaa lao la zamani, pamoja na uzee wake. Kazi nzuri, siwezi kuidharau.

Kichwa kilikuwa na pembe zake zote. Hata hivyo nilikiegemeza kwenye kabati. Kilikataa kukaa kwenye kishimo, kikateleza.

"Haiko yake, mama."

Mjomba aliinamisha macho. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekwisha kufunga kitambaa cha msiba kichwani, akakifungua, akakikunja. Mama akasema kama mtu aliyepata habari:

"Basi yake, yeye iko nayo bado."

Matanga hayakuwapo. Mjomba alituachia gitaa, na nimelipiga kwayani tangu hapo. Sauti yake ni safi kuliko ya gitaa la baba na shingo haijapinda hata mara moja. Umeme ukikatika ninafanyia mazoezi kwenye mlango wa jikoni. Mara moja tu nilijisahau, nikalipeleka kwenye kabati, mama akiwa kitandani anakunja nguo.

"Toa hapo," alisema bila kuinua macho. "Hapo iko na mwenyewe."