Neno la Kuinyamazisha Kompyuta ya Baba Mdogo

Enzi zetu kompyuta ilikuwa haiguswi, ilikuwa inaambiwa. Leo mtoto anapitisha kidole kwenye kioo na dunia nzima inamjia mbio, hajaomba, hajasubiri, hajakosea hata herufi moja. Sisi tuliosoma miaka ile soko lilipofunguliwa, mitumba ikajaa gulioni na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milima ya Umatengo na mizani zao, tuliikuta mashine iliyokaa kimya na kioo cheusi, ikikungoja useme unataka nini. Usiposema vizuri inakujibu kwa Kiingereza kwamba haijakuelewa, mnabaki mnatazamana. Mimi ni mwalimu. Nasimama mbele ya watoto wa watu mwaka mzima na miguu inaniuma, kwa hiyo mnisamehe nikisema wazi kwamba nimechoka na vitu vinavyoingia bila kuitwa.

Nilikuwa naishi kwa baba mdogo Gaudensi, chini kidogo ya mji wa Mbinga, kwa sababu shule ilikuwa karibu. Asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka kwenye mibuni, nasi tukaenda shule tumejifunika kanga za mama zetu, mkono mmoja fagio, mwingine kidumu cha maji. Shati la shule lilikuwa jeupe siku ya kwanza tu, maana udongo wa kwetu mwekundu hauogopi sabuni. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi, jioni tulichuma kahawa mbivu na kunyonya utamu wa maganda mpaka midomo ikanata. Chakula kilikuwa ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali, na aliyenuna aliambiwa aende akale kwa mwalimu mkuu.

Lakini mama mdogo Kolumba, mke wa baba mdogo, alikuwa mtu wa ziwani, wa Ngumbo, na kwao hawakumsahau. Kila lori lililopanda kutoka Ziwa Nyasa lilimletea kifurushi cha dagaa au mbasa waliokaushwa, na siku hiyo majirani walipita kutusalimia zaidi ya kawaida. Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alikuwa Litumbandyosi na shamba na wadogo zangu. Nikipata homa, mkono uliokuwa juu ya paji la uso wangu ulikuwa wa mama mdogo, na ulinuka moshi na samaki, na mpaka leo sijapata dawa iliyonituliza kama harufu ile.

Baba mdogo alikuwa karani wa kampuni moja iliyokuwa inanunua kahawa. Bei ilipoanguka kampuni ikafunga ofisi, wakubwa wakaondoka, yeye akaachiwa kompyuta. Akaipakia kwenye mkokoteni, akaifunika shuka la kitanda, akaileta nyumbani watoto wa mtaa mzima wakiifuata nyuma. Umeme tulikuwa nao kwa bahati, kwa kuwa nguzo za kwenda kiwanda cha kukobolea kahawa zilipita mbele ya nyumba. Aliamua kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake sasa, kuwachapia watu barua na mialiko ya harusi. Hakuwa na kazi nyingine.

Mchezo ulitoka kwa Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa na kanda za muziki sokoni. Babu yake alitoka pwani, yeye alizaliwa Mbinga na alikisema Kimatengo vizuri kutushinda sisi wenyewe. Alikuwa na kompyuta kabla ya mtu yeyote mjini, na mpwa wake alimletea disketi kutoka Dar es Salaam. Alimwazima kaka Osmund, mtoto mkubwa wa baba mdogo, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya darasa la saba. Ulikuwa mchezo wa bunduki. Unaiona mikono yako mwenyewe mbele yako imeshika silaha, unatembea katika majumba yenye kuta za kijivu, unafungua mlango, na nyuma ya mlango kuna adui. Siku hizi vijana wakiziona picha zile wanacheka. Sisi tulikuwa tunainamisha vichwa kukwepa risasi.

Jioni ya kwanza Osmund aliandika jina la mchezo kama alivyoelekezwa, akabonyeza, na milio ikalipuka. Sauti haikutoka kwenye spika yenye kitufe, ilitoka ndani ya boksi lenyewe, kavu, bila mahali pa kuipunguza. Mama mdogo alikuwa jikoni anasonga ugali. Tuliusikia mwiko ukianguka. Tulipotoka nje hatukumwona, mpaka baba mdogo alipomkuta amelala kifudifudi kati ya mibuni, mikono kichwani.

Tulijua kwamba alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, na kwamba alivushwa kwa mtumbwi kuja Ngumbo angali msichana mdogo, wakati wa vita. Tulijua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, kwa kusikia nusu. Usiku ule alilia, na asubuhi akafunga nguo zake kwenye kanga. Baba mdogo alimwambia watoto wataacha kucheza. Akajibu, "Mtaacha, lakini bunduki zimo humo ndani. Jana zimetoka, kesho zitatoka hata ukiandika barua. Mimi siwezi kulala nyumba moja nazo, Baba Osmund." Akapanda lori la dagaa lililokuwa linarudi ziwani. Sitaki hata kusema nyumba ile ilivyokuwa bila yeye. Osmund aliacha kula. Mimi nilikuwa nalala na kipande cha kanga yake chini ya shavu, na niliogopa kwamba harudi tena maishani.

Shauri likapelekwa sengu. Waliokulia Umatengo hawahitaji kuelezwa, ila kwa wengine niseme kwamba sengu ni baraza la ukoo. Kila nyumba inaleta chakula kwa babu jioni, watu wanakula pamoja, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapo hapo mikono ikiwa bado na ugali. Neno likishasemwa mbele ya babu limesemwa. Kulirudia ni kumfanya mwenzako hana akili. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo, akasema, "Mke wa mtu hatutamfuata mikono mitupu. Mashine inyamaze kwanza. Ikishindikana kunyamaza, itoke."

Osmund na mimi tukaenda kwa Mzee Salum. Tulimwamkia, akatupa kahawa chungu tuliyojikaza kuimeza, akatusikiliza. "Mchezo ule ni mgeni," alisema. "Mgeni akishaingia na viatu vyake vya matope, umechelewa. Unamwambia akiwa bado mlangoni. Andika jina lake, acha nafasi, weka kistari, halafu sema unachotaka. Ukitaka asipige kelele, andika nosound." Akaendelea kutufundisha, maana hakuwa mtu wa kusimama akishaanza. Kumbe lilikuwapo neno la kuwapunguzia maadui ukali, lilikuwapo la kukupeleka moja kwa moja mpaka chumba cha mbele, lilikuwapo la kupunguza picha ili mashine ya zamani isikwame. Yote yalifuata jina, kila moja na kistari chake. Tulirudi tukiimba herufi zile njia nzima zisitutoke.

Babu akaitwa kushuhudia. Akaja na mkongojo wake, akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Osmund akaandika jina, nafasi, kistari, nosound. Kwenye kioo mtu akapiga bunduki na haikusikika hata kidogo, ila jogoo wa jirani tu. Babu akatega sikio, kisha akasema, "Imesikia." Ukoo mzima tukapumua. Siku iliyofuata baba mdogo akateremka Ngumbo na mkungu wa ndizi na kilo kadhaa za maharage, kwenda kuwaambia wakwe kwamba jambo limekwisha.

Sasa hapo ndipo tulipokosea, na sidhani kama kuna watoto wengine wangekosea vile. Kwetu sisi mashine ilikuwa imeambiwa mbele ya babu. Nani angeiambia tena? Mama mdogo aliporudi, akiwa bado na kifurushi cha mbasa kichwani, Osmund kwa furaha alikimbilia kwenye kompyuta amwonyeshe mama yake jinsi ilivyotulia. Akaandika jina la mchezo. Jina tu. Akabonyeza, na milio ikajaa nyumba.

Nilichomoa waya ukutani kwa nguvu nikaanguka nao. Kioo kikafa. Mama mdogo hakukimbia safari hii. Alikaa chini pale pale kizingitini, kifurushi mapajani, akipumua kama mtu aliyepanda mlima. Baba mdogo alisimama nyuma yake na mzigo mkononi, hajui aingie au amrudishe. Osmund alikuwa analia kwa sauti.

"Mliniambia imeshaambiwa," alisema mama mdogo.

"Tuliiambia, mama. Babu mwenyewe alikuwepo," alijibu Osmund.

Baba mdogo ndiye aliyeelewa, nadhani kwa sababu alikaa nayo ofisini. Alisema taratibu kwamba mashine ile haikumbuki. Ukiizima inasahau kila ulichoiagiza, lazima uiambie upya. Mama mdogo aliliangalia lile boksi.

"Kumbe haina kumbukumbu," alisema. "Basi ina nafuu kuliko mimi."

Tulidhani ataomba lori. Badala yake alijivuta karibu, akaniambia, "Hyasinta, rudisha waya. Iambie tena, mbele yangu. Nisomee kila herufi." Nikaandika nikimsomea moja moja mpaka ya mwisho. Nilipobonyeza alifumba macho. Hakikusikika kitu. Akafumbua macho, akashusha pumzi, akaenda jikoni kuwasha moto, na jioni ile tukala mbasa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyecheza kabla mama mdogo hajaja kusimama nyuma ya kiti na kusomewa lile neno. Alikuwa hajui Kiingereza lakini ukiruka herufi moja alikukamata. Kisha akaanza kukaa kidogo baada ya kusomewa, amekunja mikono, anatazama. Siku moja akauliza kama na wale watu wanaweza kuambiwa wasije. Tulicheka. Yeye hakucheka. Mzee Salum alipopelekewa swali lile alisema ndiyo, lipo neno, nomonsters, ila hajawahi kumwona mtu anayelitumia.

Tukaandika yote mawili, la kuondoa sauti na la kuondoa maadui. Mama mdogo akakaa kwenye kiti, tukamwonyesha vitufe vya kwenda mbele na kugeuka. Akatembea. Alikuwa anagonga ukuta, anarudi nyuma, anatafuta mlango, anaufungua, anaingia chumba kitupu, anakikagua kila pembe, anatoka. Ilimchukua muda mrefu, nasi tulisubiri zamu yetu bila kuthubutu kumharakisha. Alipofika chumba kikubwa chenye taa alisimama. Akasema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtu aliyeko ubavuni mwake, "Wa humu walipata muda wa kuondoka." Baba mdogo akatoka nje. Ndipo nilipojua, bila kuelezwa, kwamba kule ng'ambo kuna nyumba ambazo watu wake hawakupata muda huo.

Alitembea katika majumba yale jioni nyingi, mpaka radi ya msimu mmoja wa mvua ilipoiunguza mashine. Baba mdogo alirudi kwenye kahawa yake. Sasa hivi ni marehemu, na Mzee Salum pia. Osmund yuko mjini na gari lake la mizigo. Nyinyi mliokua nasi mnajua tulivyotawanyika.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mama mdogo. Amezeeka, mgongo umepinda, macho bado makali. Deo, mtoto wa Osmund, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, na milio ya risasi ilikuwa inamwagika sebuleni toka asubuhi. Vijana wa sasa hata salamu wanaitoa macho yakiwa kwenye kioo. Nilimwomba apunguze, akapunguza kidogo, sauti ikarudi yenyewe pamoja na tangazo la sabuni. Mama mdogo alikuwa ameshika kona ya kitenge chake, anaikunja na kuikunjua. Kisha akaniuliza kama zile nyumba za zamani zisizo na watu bado zipo mahali popote.

Deo alizipata kabla sijamaliza kueleza. Kuta zile zile za kijivu, zimo kwenye simu yake. Mama mdogo alitabasamu kama msichana, akaipokea, akaweka kidole, akafungua mlango wa kwanza. Nyuma ya mlango palikuwa na adui, na adui akafyatua. Nikamuuliza Deo neno linaandikwa wapi.

"Neno gani, shangazi?"

"La kuwaambia maadui wasije."

Alinitazama kwa upole, kama wanavyotutazama tukiuliza mambo ya simu. "Haina sehemu ya kuandika, shangazi. Halafu ukiwaondoa wote, sasa hapo mtu unacheza nini?"

Mama mdogo alimrudishia simu kwa mikono miwili, akamshukuru, akaniomba nimsindikize chumbani akalale. Jua lilikuwa bado liko juu.