Dakika Tatu za Mzee wa Mlingotini

Siku yangu ya kwanza kwenye swichibodi ya simu Bagamoyo, miaka ya sitini, nilirudi nyumbani shingo inauma. Swichibodi ni ubao wenye matundu, na sisi maopereta tulichomeka waya humo kumuunganisha anayepiga na anayepigiwa. Simu ya Dar es Salaam ilipewa dakika tatu tu, maana laini zilikuwa chache na wanaosubiri wengi. Kila simu ikianza ilibidi niandike saa kwenye kikaratasi chake, na saa yenyewe wameitundika ukutani nyuma yetu! Nikawa nageuka na kugeuka, kazi haiendi.

Msimamizi wetu, mtu mkali asiyepandisha sauti, alinitazama hadi adhuhuri.

"Binti, umekuja kuunganisha simu au kuangalia saa?"

"Naogopa kukosea, bwana."

"Geuka mara moja. Saa uliyoisoma iandike kwenye vikaratasi vyote vilivyo mkononi, uunganishe mfululizo. Lakini ukisimama kwa jambo lolote lile, saa hiyo imeshachacha. Geuka tena."

Nusu ya kwanza ya agizo hilo niliishika barabara. Hata opereta wa Dar, mwanamke mwenye maringo yake, akanisifu kwa wepesi. Nusu ya pili niliiona ni ya waoga.

Asubuhi moja nilisoma saa, nikaandika vikaratasi vitatu, nikaunganisha simu mbili. Kabla ya ya tatu, opereta wa Dar akazusha ubishi kuhusu nani atangulie. Nami sikuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Tulipochoka nikaunganisha ile ya tatu, ya mzee mmoja fundi cherehani wa Mlingotini, aliyekuwa kwenye kibanda mbele ya kaunta ya posta yetu akiipigia hospitali alikolazwa mkewe. Nilimsikia nesi akisema, "Subiri baba, tunamleta kwenye simu." Nikageuka kutazama saa. Kwa kikaratasi changu, dakika tatu zimekwisha. Nikachomoa waya.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ubishi. Mzee wa watu alikuwa amepata dakika moja, labda na kidogo. Laini ilikuwa imeshachukuliwa. Tulipoipata tena, mkewe alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji. Hakutoka hai.

Nilikiri kwa msimamizi siku ileile. "Nilikwambia mambo mawili," akasema, akanihamishia kwenye kugonga mihuri ya barua kwa mwezi mzima. Baadaye nilifanya kazi Pangani, kisha Tanga, na kila niliyemfundisha nilianza naye na ile nusu ya pili. Walinicheka kwa kung'ang'ania.

Sasa nimestaafu, na bado naona haya kusema kwamba yule mzee sikumwambia. Tulikuwa tukikutana sokoni, namwamkia, ananiitikia marahaba kwa upole. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, "Simu bwana, dakika tatu ni kidogo mno. Hata salamu ya mkeo huipati." Nikachukua kapu langu nikaondoka.