Vidoa Viwili kwenye Picha ya Anga

Wanaosema nina kiburi hawajakosea. Tangu nikiwa kidato cha tatu pale Tabora, ukiniambia "acha", ndiyo kwanza nakaza.

Mwalimu mgeni aliyetufundisha fizikia aliporudi kwao alituachia kasha la picha za anga. Kila kipande cha anga kilipigwa mara mbili, kwa mwanga wa buluu na kwa mwekundu, na picha zote mbili zikaandikwa namba moja nyuma. Alikuwa ametueleza kwamba galaksi ni nzito kiasi cha kupinda mwanga unaopita kando yake, hata kitu kimoja cha mbali kikaonekana viwili. Basi kila mchana nikawa nainamia zile picha na kioo cha kukuzia, natafuta mapacha.

Nikawapata! Vidoa viwili vimebanana kwenye picha ya buluu. Mbio hadi kwa mwalimu mpya.

"Uchafu wa karatasi huo," akasema, hata macho hakuinua. "Wewe binti nakuhamishia darasa la mapishi. Nchi inataka kujitegemea, haitaki waota ndoto."

Ebo! Mtoto wa mtaa wa Ng'ambo nihamishwe kama gunia? Nilikasirika kwelikweli. Uchafu hauwezi kuangukia mahali palepale kwenye picha mbili, kwa hiyo nikaitafuta ile nyekundu. Kashani haimo. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, na walimu walikuwa wameanza kuchukua picha zetu kujalidia vitabu. Kesho yake nikaiona namba yake mezani, kwenye jalada la kitabu cha mwalimu yuleyule.

Nikainuka mbele ya darasa zima, nikalichuna lile jalada.

"We! Una wazimu?"

"Tazama kwanza, Mwalimu, ndipo unichape."

Akachukua kioo. Vidoa vilikuwepo, vyote viwili, vimefifia kuliko kwenye buluu lakini kwa kiasi kilekile, kama mapacha. Alitazama, akakifuta kioo kwa shati, akatazama tena.

Adhabu niliipata, tena ya haja: kulima shamba la karanga la shule hadi mikono ikatoka malengelenge. Nililima huku naimba. Iwapo vidoa vile vilikuwa kitu kimoja au nyota mbili majirani, mpaka leo sijui; chombo cha kupimia hatukuwa nacho. Lakini mapishi sikwenda, thubutu!

Niliporudi darasani, kitabu cha mwalimu kilikuwa kimejalidiwa gazeti. Picha yangu nyekundu niliikuta juu ya dawati langu, mikunjo yote imenyooshwa kwa pasi.