Msizime Kwanza

Hospitali ile ilikuwa na wataalamu wa kompyuta wengi kuliko vitanda. Mhasibu mtaalamu, mlinzi mtaalamu, na mkurugenzi ndiye bingwa wao. Wote walijua dawa moja: zima, halafu washa. Asiyejua kitu, kwa maoni yao, alikuwa yule dada aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, waliyempachika jina la Bi Subiri.

Programu ya kulaza wagonjwa ilikuwa na ugonjwa wa kuganda. Kila ikiganda, bingwa mmoja huizima, ikawaka vizuri, akapongezwa, na ushahidi wote ukapotea. Bi Subiri aliomba mpaka koo likamkauka: ikiganda, niiteni kwanza. Waliitikia kwa adabu, kisha wakazima.

Asubuhi moja aliwahi. Kidole cha mkurugenzi kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Msizime!"

"Dada, wagonjwa wamejaa mapokezi."

"Ukizima, bosi, kesho watajaa tena. Nipe muda kidogo."

Simu ya Bi Subiri ikaita. Alikuwa karani wa mapokezi. "Mama yako yuko hapa kwenye benchi, mguu umemvimba. Daktari kasema alazwe, ila mashine imeganda."

Neno moja tu, zimeni, na mama angepata kitanda.

"Mwambie asubiri kidogo," akasema, akajichukia papo hapo.

Akafungua programu ya kuchungulia nyingine ikiwa imekwama, akaagiza kila uzi wa kazi, yaani kila kazi inayoendeshwa ndani yake, useme umeshika nini na unangoja nini. Uzi wa kulaza wagonjwa ulishika kufuli ya mafaili, ili mwingine asiyaguse, unangoja ya vitanda. Uzi wa kuwaruhusu kwenda nyumbani ulishika kufuli ya vitanda, unangoja ya mafaili. Nyuzi mbili zimekazana hivyo, hakuna wa kuachia. Dawa ilikuwa ndogo: zote zianze na mafaili, ndipo ziguse vitanda. Akahifadhi ushahidi wake.

"Sasa zima, bosi."

Mkurugenzi akazima, akawasha, akapigiwa makofi.

Bi Subiri alikimbilia mapokezi. Mama yake alikuwa bado kwenye benchi, ameshika goti kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wanasema kuna mjinga kakataza mashine isizimwe."

"Ni mimi, Mama."

"Ulijua kwamba niko hapa?"

"Nilijua."

Mama akaushika mkono wa bintiye ili ainuke, kisha akauachia, akachechemea mwenyewe hadi wodini.