Kadogo wa Juu ya Mkaratusi

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, asubuhi ambayo neno la kubembelezea watoto lilikaribia kumuua kaka yangu. Keti vizuri, na simu hiyo uiweke kando. Nikianza habari hii sipendi kuikatisha.

Ilikuwa hapa hapa Bunia. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule juzi tu, na pamoja na kaka yangu Diedone nilifanya kazi katika kituo kimoja cha mazingira pembeni mwa mji. Zamani wanafunzi walikuja pale kujifunza miti na ndege. Vita vilipoingia wanafunzi wakaacha kuja na wafanyakazi wengi wakakimbia. Tukabaki mimi, Diedone na mkuu wa kituo, Muzee Anselme, aliyekuwa mwalimu maisha yake yote na aliyetufundisha sisi pia. Usiniulize kabila lake, wala kabila la wale waliokuwa na bunduki. Swali hilo lilitumaliza, na nyumbani kwangu silijibu.

Katika mkaratusi mrefu wa kituo mwewe wawili walikuwa wamejenga kiota. Najua humpendi mwewe, maana hubeba vifaranga. Lakini wakati ule hatukuwa na kuku hata wa kuibiwa. Kila siku tuliwatazama: mama akilalia mayai, kisha makinda watatu wakitoka wamejaa manyoya meupe, kisha manyoya yakigeuka kahawia na mabawa yakianza kupigapiga. Mji mzima ulikuwa unahesabu wafu wake. Sisi tulishukuru kuwa na kitu kinachokua.

Muzee Anselme aliwaita makinda wale kadogo. Ndivyo watu wetu walivyomwita mtoto mdogo, kwa kumpenda, tangu sijazaliwa. Ila vita vilikuwa vimelichukua neno hilo na kulivisha magwanda. Kadogo sasa alikuwa mtoto aliyepewa bunduki, na watu waliposikia kadogo wanakuja walifunga milango. Tulilijua hilo vizuri. Lakini chini ya mti wetu tuliendelea kusema tulivyozoea, na mazoea yana taabu.

Basi asubuhi hiyo Diedone alikuwa anatoka mjini na mfuko wa mihogo. Mbele ya kituo palikuwa na bariyeri, mwanzi uliolazwa barabarani na vijana wenye silaha wakilinda. Watu walipanga mstari kupekuliwa. Diedone akaniona nimesimama getini, na kwa hamu ya kujua kama makinda wamesharuka, akanipazia sauti juu ya vichwa vya watu:

“Bakadogo wangali juu ya muti? Wanatoka leo?”

Vijana wote wa bariyeri wakamgeukia. Nilitamani ardhi imeze maneno yale. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile niliwaelewa.

Komanda wao, mtu mwembamba asiyepandisha sauti, alimwendea na kumuuliza ni kadogo gani, wa nani, na wamefichwa kwenye miti gani. Diedone akajibu kwamba ni ndege. Wakacheka, na mwanangu, kicheko kile sitaki ukisikie maisha yako. Walimpiga mtama, wakamfunga mikono nyuma kwa kamba ya mfuko wake mwenyewe. Waliamini maadui wameficha watoto wenye bunduki kituoni wakisubiri ishara. Kwa kosa kama hilo mtu alipelekwa nyuma ya nyumba, na hakurudi. Niliogopa mpaka nikasahau namna ya kusali.

Muzee Anselme alitoka, akaniuliza polepole kimesemwa nini, nikamweleza. Hakukimbilia kupiga magoti. Aliingia stoo, akachimbua gunia la maharagwe na kutoa darubini aliyoificha humo tangu vita vianze. Siku hizo darubini peke yake ilitosha kukuua, kwa maana mwenye nayo aliitwa mpelelezi. Yeye akaenda kuiweka mikononi mwa komanda.

“Siye ndio tunaita ndege kadogo,” akamwambia. “Kuja uone mwenyewe. Kama hauone kitu, uanze na mimi.”

Tukaenda chini ya mkaratusi, Diedone akisukumwa mbele na mtutu kisogoni. Komanda akainua darubini. Sasa wewe hujui, mwanangu: makinda wa mwewe wakisikia watu hujilaza kiotani kama vile hakuna kitu. Komanda akatazama, akatazama tena, halafu uso wake ukabadilika.

“Nguo ya jeshi iko kule,” akasema.

Na ilikuwa kweli. Mwewe hujenga kwa chochote anachookota, vitambaa, mifuko ya plastiki, kamba. Mwaka ule kilichozagaa Bunia kilikuwa vipande vya magwanda. Askari mmoja akaelekeza bunduki kiotani, mwingine akamkalisha kaka yangu chini na kuikaza ya kwake kwenye shingo yake. Muzee Anselme alieleza habari ya vitambaa kwa sauti ile ile ya darasani, akasema mama yao akileta chakula watoto watasimama, basi tumngoje. Kisha akakaa chini, bega lake limegusana na la Diedone, hata mtutu ule ukawa wa wote wawili.

Tukangoja. Yule askari aliyemwekea Diedone mtutu aliomba mara kwa mara amalize kazi, na kila mara komanda alimwinulia mkono angoje. Mimi nilitazama mbinguni nikimsihi aje ndege ambaye nilipokuwa mdogo nilimpiga mawe.

Akaja, ana panya kwenye kucha. Akazunguka juu yetu, akatuona, akaondoka zake. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

“Ameogopa bunduki,” Muzee Anselme akasema. “Muzilaze chini.”

Komanda alimtazama. Sijui aliona nini kwa mzee yule. Aliilaza bunduki yake kwenye majani, akawaashiria wengine, nao wakalaza zao wakinung'unika.

Mama mwewe akarudi. Vichwa vitatu vikaibuka kiotani pamoja na kile kilio chao chembamba cha kutetemeka, na katika kugombania panya, kinda mmoja akasukumwa mpaka ukingoni. Akashika tawi, tawi likayumba, akaanguka. Kisha akafungua mabawa, upepo ukampokea, akapita juu yetu kuelekea mashamba ya mahindi. Komanda alimfuata kwa darubini mpaka akapotea. Nililia bila aibu.

Diedone akafunguliwa. “Jina ile mubadilishe,” komanda akasema, akaokota bunduki yake, na darubini akaondoka nayo.

Walipokwenda nikamgeukia kaka yangu, nikamwambia mdomo wake utatuzika sote. Muzee Anselme akanikatiza, na hakuwa na uso wa mzaha.

“Usimugombeze yaya yako, ni mukubwa wako. Neno ni letu, bale ndio baliiba. Lakini kama mwizi iko njiani, hautembee na mali yako mukononi.”

Kisha akatazama juu ya mti, bila darubini, akaniuliza kwa sauti ya chini kadogo wangapi wamebaki. Nikamjibu, kwa sauti ya chini vilevile, wawili.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, na nchi yetu bado haijatulia, wewe mwenyewe unawaona wakimbizi wanaoshuka kila wiki kutoka Djugu na magodoro kichwani. Kabla hujapaza sauti barabarani, au kuandika kwenye hiyo simu yako, jiulize nani mwingine anasikiliza na vita vimemfundisha neno hilo lina maana gani. Lakini kunyamaza njiani si kusahau. Neno zuri walilolichafua wenye bunduki usiwaachie. Litunze ndani ya nyumba, uwaite nalo unaowapenda. Na ukikutana na mtu mwenye hofu na silaha, usishindane naye kwa maneno, mpe kitu cha kutazama na umpe muda, hata kama moyo wako unapasuka.

Mungu alinde njia yako na kinywa chako. Akupe watoto, mwanangu, na watu wa Bunia wawaite kadogo kwa sababu ni wadogo tu.